Kikapu cha Mama Kabrini

Cheektowaga, Buffalo
2 Novemba 2025

Mpendwa Dada Kostansia,

Hujambo, dada? Goti lako linaendeleaje na baridi hii? Na shemeji Reginaldi, bado wanamweka shifti ya usiku? Mimi ni mzima wa mwili tu. Moyo sina.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu zangu hupokei tangu nilipokutajia novena, sala zangu za siku tisa. Haya, wewe umeokoka, mimi nimebaki na watakatifu wangu. Tutagombana siku nyingine. Leo ni habari ya mwanangu Jovini.

Watu wa uhamiaji bado wamemfungia. Ule ugomvi wa shuleni, ambao tulidhani umekwisha, wameufufua, wanasema arudishwe kwao Burundi. Kwao wapi, jamani? Mtoto ulimpokea kwa mikono yako mwenyewe kambini Mtabila, Tanzania! Burundi hajawahi kuikanyaga.

Kesi ni Alhamisi, tarehe 13. Wakili anasema hakimu atauliza: akishuka kwenye ndege, nani atampokea? Nitajibu nini mimi? Tulipokimbia nilikuwa mgongoni mwako. Wewe ndiye uliyeona nani alizikwa na nani hakuzikwa. Shahidi mwingine sina.

Mwezi uliopita wanakwaya wenzangu walinipeleka jiji la New York, kwenye kanisa alikolazwa Mama Kabrini, yule mtawa wa Italia aliyewahangaikia wahamiaji. Wanasema aliogopa maji tangu utotoni, lakini alivuka bahari mara nyingi kuwafuata watu wake. Yuko chini ya altare, nyuma ya kioo, kama bibi aliyejilaza kidogo. Sasa unaingiaje nyumbani kwa bibi mikono mitupu? Nilibeba kikapu cha maharage na unga wa mtama, nikakifunga kwa kitenge. Nikakiweka miguuni pake, nikaenda kupiga magoti nyuma kabisa.

Loo! Nafumbua macho, mlinzi anasogeza watu, anauliza kwa sauti mzigo ule ni wa nani. Nikanyoosha mikono juu kama mwizi. Cheka tu, dada, hata mimi nilicheka baadaye.

Sista mmoja mzee akafungua kile kitenge, akachota maharage kiganjani, akauliza nimemletea nani. Nikasema, mwenye nyumba. Hapo akaketi nami. Nikamweleza yote kwa Kiingereza changu cha ghalani, Jovini, kesi, mpaka wewe. Akauliza, "Huyo dada yako yu hai?" Nikasema yuko Louisville. Akasema, "Basi mwite."

Nilikasirika kweli! Nimetoka Buffalo, safari yote hiyo, kumfuata mtakatifu, halafu naambiwa nikuite wewe usiyepokea simu. Lakini nimewaza sana, na sina mlango mwingine wa kugonga.

Alhamisi hiyo ndiyo sikukuu ya Mama Kabrini. Usije kwa ajili yake kama hutaki. Jovini ulimsimamia ubatizo, na uokoke usiokoke, mama yake wa ubatizo ni wewe. Binamu yetu Protasi wa Clintonville, palepale Columbus, yuko tayari: wewe fika Columbus kwa basi, kutoka hapo atakuleta kwa gari lake. Ukitaka kuomba bila rozari, omba, nami nitaitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote.

Dada, nimeshindwa. Kazini nafunga maboksi huku machozi yanatoka, mpaka bosi ananikwepa. Wakimpeleka huko, ataulizia kwa nani? Hata Kirundi chenyewe kinamkwama mdomoni.

Msalimie sana shemeji. Mwanao Nadine mwambie sweta aliyonitumia naivaa kila siku. Mungu ailinde nyumba yenu, na mkono wake usiwapungukie.

Jana Jovini alipiga simu kutoka kule ndani. Hakuuliza habari za wakili wala za hakimu. Aliuliza, "Mama mkubwa anakuja?" Nikashindwa kusema sijui. Nikamwambia umeshafika Columbus, uko kwa Protasi, unapumzisha goti. Akavuta pumzi, akasema, "Basi sawa, mama. Nitalala leo."

Ni mimi mdogo wako, yule uliyembeba,
Fides