Kusugua Makombe Bila Maji

Nakivale, Jumatano, Julai 2014

Leo jua ni kali hapa kambini kwa wakimbizi, na upepo unaotoka upande wa ziwa umejaa vumbi jekundu. Nimeamka na kifua kizito. Tangu asubuhi safari yangu imekuwa moja: kutoka kitandani hadi kwenye kiti kilicho karibu na mashine, kisha kurudi kitandani.

Chumba changu kina vitu hivyo vitatu, pamoja na dirisha dogo ambalo nililiziba kwa kipande cha turubai. Ninyi mnaonisoma, ambao wengi mlikuwa wanafunzi wangu wa kemia kule Uvira, mnamkumbuka mwalimu aliyezunguka darasani akifundisha, asiyekaa kitini hata dakika. Huyo hayupo tena. Daktari wa hospitali ya Ruharo anasema moyo wangu umepanuka. Hakunitajia muda uliobaki, wala sikumuuliza. Nilimwona tu akimvuta binti yangu pembeni na kuzungumza naye kwa sauti ya chini.

Kwa hiyo naandika hili wakati vidole bado vinanitii.

Mashine ninayoitaja ni ya kusafishia makombe ya baharini. Niliiunda mwenyewe: mota ya waipa za gari, betri ya sola, mabomba mawili niliyoyavisha mpira wa baiskeli, na juu yake debe la rangi lenye kifuniko. Mota huzungusha bomba, bomba huzungusha debe, na ndani ya debe makombe husuguana na mchanga taratibu mpaka yanalainika. Makombe huja na malori ya kutoka pwani. Mama mmoja mwenye duka la shanga kule Ruti, pale Mbarara, huyanunua kwa magunia na kunipa niyasafishe, naye huyatungia mikufu. Mimi nilikulia kando ya Ziwa Tanganyika na bahari sijawahi kuiona. Imenifikia ikiwa imefungwa katika gunia, inanuka uvundo.

Nilipoanza niliharibu. Nilitia debeni kila kitu, pamoja na simbi, yale makombe madogo yenye mdomo wa meno. Sikujua kwamba simbi huzaliwa na mng'ao wake, na mchanga huumaliza. Zilitoka zimefifia kama macho ya kipofu. Mama wa Ruti alicheka hadi akakaa chini, kwa sababu kwa lugha ya kwao simbi ni makombe na ni pesa pia.

"Mzee wangu, wewe umeosha pesa mpaka imekufa! Hii usitie kwa mashine. Pakaa mafuta tu, basi."

Nikajifunza. Nilipenda kazi hii kuliko nilivyotarajia. Kombe linaingia na ukoko mgumu kama kigaga cha kidonda, linatoka na rangi ya waridi ambayo hukudhani imo. Kwa mtu ambaye mwili wake unaharibika kila siku, ni faraja kuona kitu mikononi mwako kikirudia uzuri.

Lakini kazi hii hufanywa kwa maji. Nataka mlielewe hilo, maana ndipo dhambi yangu ilipo. Debe hutiwa makombe, mchanga na maji, na maji hulishika vumbi lote. Ukisugua makavu, kila ukifungua kifuniko linatoka wingu jeupe. Wingu hilo ni chokaa na mchanga uliosagika, na mapafu hayana namna ya kulirudisha. Niliwafundisha hivyo ninyi wenyewe, nikawakataza hata kupuliza chaki ubaoni.

Msimu wa kiangazi uliopita bomba la maji la kijiji chetu liliharibika. Binti yangu Espérance alikuwa akishinda kwenye foleni mbali sana kwa ajili ya maji ya kupikia. Sikuweza kumwomba ya makombe. Nikasugua makavu, mlango nimeufunga ili kelele zisisumbue watoto wake. Kikohozi kikaja.

Wakati huohuo kesi yetu ya kuhamishiwa Kanada ikasogea. Tumo wote katika kesi moja: mimi, Espérance, mume wake na watoto. Tulipelekwa medikali, vile vipimo vya afya vya kabla ya safari. Picha ya kifua changu ikaonyesha madoa. Wakapima makohozi, hawakukuta kifua kikuu, wakasema nirudi nipigwe picha nyingine. Picha ya pili nayo ikawa na madoa. Kesi yote ikawekwa holdi, yaani ikasimamishwa.

Holdi. Hapa kambini hata watoto wanaojifunza kutembea wanalijua neno hilo. Mtu akikuuliza habari zako, unaweza kumjibu kwa neno hilo moja akakuelewa.

Daktari wa medikali aliniuliza ninafanya kazi gani. Nilimwambia mimi ni mwalimu mstaafu. Ni kweli, na ni jibu la mwongo.

Kisha bomba likatengenezwa.

Mimi sikurudi kwenye maji.

Nimeiandika sentensi hiyo na kuifuta tangu Jumapili. Maji yapo hapo uani, ndoo imejaa, nami nimekuwa nikiendelea kusugua makavu, mlango umefungwa, turubai dirishani. Nilijua ninachofanya, molekuli kwa molekuli. Kifua kikisafika watapanda ndege. Wakipanda ndege, mimi na moyo huu huenda tusifike nao hata Kampala, nitabaki kwenye chumba hiki nikiwasikiliza majirani na watu wao. Kila nilipokohoa, nilisikia mguu wa Espérance ukija. Nilikuwa naogopa kufa peke yangu, na kikohozi kilikuwa kinaniita watu.

Leo mchana amerudi kutoka ofisi inayoshughulikia kesi yetu. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda bila kuvua viatu.

"Papa, baliniambia asema bakukate kwenye kesi. Siye tutangulie, wewe utatufata nyuma, kama kifua inapona."

"Na wewe ulibajibu nini?"

"Nilibauliza, baba yangu ni kucha ya kukata?" Akacheka peke yake. "Nilikataa, Papa. Nilitia sahihi. Tutangoja wote."

Basi nimekipata nilichokitaka. Nilitazama viatu vyake vilivyojaa vumbi la njia. Mume wake ni fundi seremala anayechimba mashamba ya watu. Binti yao mkubwa amemaliza shule ya msingi na hakuna nafasi ya kumpeleka mbele. Nilidhani mimi ndiye niliyefungiwa humu ndani. Kumbe ufunguo ninao mimi, na waliofungiwa ni wao.

Nikamwambia.

"Espé, si ugonjwa. Ni mashine."

"Mashine gani?"

"Hii. Niko navuta vumbi yake. Maji iko, na mimi sitii ndani."

"Juu ya nini?"

"Nilitaka mubakie."

Hakulia. Alinitazama kama ninavyotazama kombe nisilojua jina lake. Halafu akasema polepole, "Si ungesema tu, Papa? Tungebakia."

Najua. Ndiyo maana sikusema. Ningeomba, angenipa, na deni hilo ningekufa nalo machoni pake. Kikohozi hakiombi kitu. Kikohozi hakimlazimishi mtu kumtazama mwanawe na kumwambia, acha maisha yako unishike mkono.

Aliinuka, akang'oa nyaya kwenye betri. Akalivuta turubai la dirisha kwa nguvu hadi misumari ikaruka. Akabeba debe nje, nikasikia makombe yakimwagwa kwenye beseni, na maji yakiyafuata. Alikuwa akiyaosha kwa hasira, kama mtu anayeosha sufuria iliyounguza chakula cha wageni. Mpaka sasa hajaniletea chai. Sina haki ya kuiuliza.

Msimwonee huruma huyu mzee kwa sababu amekiri. Kukiri kumekuwa rahisi kuliko nilivyodhani, na bado hakujamfikisha mtu popote. Karatasi aliyotia sahihi ipo ofisini. Ni mimi pekee ninayeweza kwenda, au kubebwa kwenye pikipiki, na kuwaambia wanitoe katika kesi hiyo. Kabla ya hapo lazima nimwambie yeye neno ambalo leo sikulisema, ingawa alikaa pale akilisubiri.

Ni neno fupi. Muende.

Nimelijaribu hapa kitandani, kwa sauti ndogo, dirisha likiwa wazi. Mara ya kwanza kikohozi kimelikata katikati. Mara ya pili limetoka zima.