Kipande cha Doto

Jumatatu, 4 Agosti

Tope tena. Karai kichwani, karai chini, karai kichwani. Lambo limekauka mpaka limepasuka kama kisigino cha mzee, na kijiji kizima tumo ndani yake tunalichimba kabla ya mvua. Halipwi mtu. Ni msaragambo. Ukikataa, mwakani ng'ombe wako wakanywe machozi yako.

Leo nimerusha pande la tope likampiga mwewe angani. Akaanguka, akajikung'uta, akaondoka kwa miguu. Wenzangu wamecheka, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kila familia ina eneo lake, na kila mtoto wa familia ana kipande chake humo. Kwetu ni vitatu: changu, cha pacha wangu Doto, cha dada yetu Milembe. Sheria ni ya zamani: kipande cha mtu hachimbi mwingine. Ukimchimbia, umesema amekufa. Changu nimeshakimaliza, wa kwanza kijiji kizima, hilo hata halina mjadala. Cha Doto kimesimama katikati ya lambo kama nundu ya ng'ombe.

Mchana nilisinzia humo humo, karai usoni. Nikaota maji yamejaa nami niko chini yake, napumua vizuri tu.

Jumanne, 5 Agosti

Vumbi. Jua limechungulia siku nzima kama mtu aliye ndani ya chandarua. Honi ya treni ya Isaka inafika hapa imekuwa nyembamba, kama mtu anayeita usingizini.

Wanauliza Doto yuko wapi. Yuko Nyarugusu anachimba dhahabu, hajarudi tangu tulipomzika baba. Nimewaeleza mara ngapi? Doto ana karasha mbili za kusagia mawe. Ana gari jeupe lenye jokofu ndani, barafu inagonga glasi njia nzima. Anashuka kwenye duara, lile shimo la dhahabu, akiwa na tai shingoni. Tai sijui ilitokea wapi. Ilikuja yenyewe nikiwa nasimulia, ikakaa vizuri.

Mama haulizi. Anakuja asubuhi na kigoda chake, anakaa ukingoni, anaitazama ile nundu mpaka jua limfukuze. Alisema mara moja tu: anataka kutuona watatu tunakula chungu kimoja kabla ya mvua hizi. Hizi, si za mwakani. Sipendi anavyosema "hizi".

Jumatano, 6 Agosti

Milembe amefika kutoka Nkome. Gunia la dagaa, nguo zinanuka ziwa zima. Nikamwambia habari ya mwewe. Hakucheka.

Alipitia Nyarugusu. Amemwona Doto. Miguuni katambuga za tairi. Duara lao lilijaa maji, na tangu hapo anafanya kibarua cha kugonga mawe ya wenzake. Karasha hana. Hata baiskeli hana. Alimsihi waje pamoja, akakataa. Watu wa nyumbani, anasema, wanasubiri gari.

"Kaka, gari ulilinunua wewe," Milembe akaniambia. "Sasa kaliuze wewe."

Sijala. Mimi ambaye namaliza ugali wa wanaume watano.

Alhamisi, 7 Agosti

Milembe amemaliza kipande chake kabla jua halijafika utosini. Anachimba kama ana kesi na ardhi. Nundu imebaki peke yake. Luhende, nsumba ntale wetu, ndiye kiongozi wa kazi, akatangaza: kesho Nane Nane, ngoma italia na lambo linafungwa. Kitakachobaki kitachimbwa na kijiji. Kila mtu anajua maana yake.

Nikachukua jembe. Nikawaza: pacha ni mtu mmoja aliyegawanywa, nikichimba mimi amechimba yeye. Fikra nzuri, ya mtu aliyefika darasa la tano. Nikapiga jembe la kwanza. Mama akashuka. Hajashuka tangu kazi ianze. Akapanda juu ya nundu akasimama.

"Kulwa. Unamzika mdogo wako mimi nikiona?"

Jembe likawa zito kama reli.

Milembe akashindwa kuvumilia. Akapaza sauti lambo zima likasikia: Doto hana gari! Hana karasha! Anaona haya kuja!

Kisha Luhende: "Hilo tunalijua, dada. Nani asiyelijua?"

"Barafu igonge glasi kwenye njia yetu hii?" akadakia mwingine. "Hiyo glasi ingefika nzima?"

Wakacheka mpaka wengine wakaweka makarai chini. Iliniuma. Nikauliza, na mwewe je?

"Hata mwewe."

Jioni nikapanda kichuguu, ndiko mtandao unakopatikana, nikampigia Doto. Nikamwambia jambo moja tu: hakuna aliyewahi kuniamini. Nikasikia nyundo za watu nyuma yake. Halafu simu ikakatika. Ni mtandao au ni yeye, sijui.

Ijumaa, 8 Agosti

Ngoma tangu asubuhi. Vijana wa bugobogobo wanarusha majembe juu, wanayadaka, vumbi linacheza nao. Kila kitu kilikuwa mbali, kama nakitazama nikiwa ndani ya maji. Mama juu ya nundu, na kigoda chake. Hakuna wa kumgusa.

Mchana. Doto hajafika. Luhende akasimamisha ngoma. Akavua kofia, ndipo akashika jembe. Nilivyoiona ile kofia mkononi niliogopa. Mimi niliyewahi kumkemea fisi akaniomba radhi.

Kimbunga cha vumbi kikaja kwa njia ya Isaka, chekundu, kinazunguka polepole. Kikapita. Pale kilipopita pakabaki mtu anatembea. Katambuga. Mkononi moko, tindo yao ya kuvunjia mwamba. Sura yangu, ila imekonda.

"Doto! Gari liko wapi?" mtu akapiga kelele.

Doto akaendelea kutembea mpaka ukingoni.

"Lina kiu," akasema. "Nimekuja kulichimbia maji."

Lambo lote likalipuka kwa kicheko. Ule ulikuwa uongo wa nyumbani, uliozaliwa tumbo moja na wangu. Mama hakucheka. Akainuka, akachukua kigoda chake.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba. Chimba."

Jumapili, 10 Agosti

Chungu kimoja tangu juzi. Ugali na dagaa wa Milembe. Doto anakula taratibu kama mgeni, mama anamwongezea bila kuuliza. Hajasema anaondoka lini. Katambuga zake ziko mlangoni kwa mama, zimeelekea ndani.

Mchana wamelala wote. Nikaenda lamboni peke yangu. Limenyooka. Nikalala chali pale ilipokuwa nundu, ardhi ya baridi mgongoni. Upepo umetulia. Nikaona maji yanakuja, bila sauti, kutoka pande zote. Ng'ombe wa baba, wale waliokufa zamani, wakashuka kunywa. Baba nyuma yao na fimbo yake. Akanitazama, akaendelea kuwaswaga. Niliona kwa macho haya.

Niliporudi mama alikuwa ameamka. Akauliza nimeona nini huko.

Nikasema, tope kavu tu.

Akanishika paji la uso, kuangalia kama nina homa.