Herufi Zangu ku Ukuta wa Nyakasanza

Bunia, 2003

Kwako Estelle, mutoto wa dada yangu, kule Ariwara,

Salamu nyingi zikufikie mbele hata ya mukono wenye kuleta hii karatasi. Weye na watoto muko wazima? Ile kikohozi ya mudogo ilipona? Siye huku tunapumua. Risasi zinalia, lakini mwili wangu zinauogopa.

Nilipata neno lako. Unasema umekubali kwamba bwana yako Didier alikufa mu vita, unataka kumufanyia matanga, kisha uuzishie Félicien, ule jirani yenu, parcelle yenu, kiwanja cha mutaa wa Nyakasanza, kwa sababu yeye anasema aliona maiti ya Didier na macho yake. Mimi simuamini mutu mwenye kuleta habari ya maiti na kuulizia funguo siku ile ile. Nikaenda kwanza kuangalia.

Ku ukuta nikakuta kumeandikwa: PARCELLE HAIUZISHWE. Mama, zile herufi ni zangu. Unazijua: nene kama mukono wa muchinja ng'ombe, zinainama mbele kama mutu anasukuma kinga, baiskeli yake, ku mulima, na kila moja iko na miguu ya mraba kama tofali. Siku niliandika BOUCHERIE ku duka ya nyama pale soko, mbuzi moja ilihama kando ikiogopa B itaiangukia. Lakini huu ukuta sikuuandika.

Nikashuku Xavier, fundi mwenzangu wa kuandika ku kuta. Hapana, yeye anajua kulalisha herufi, miguu ndiyo inamushinda. Nikashuku Félicien ananitegea mutego. Na kweli, kesho yake alinishitaki kwa komanda wa askari, eti ninamuzuia kununua. Komanda akauliza ni nani aliandika. Nikamujibu ni mimi, nani mwingine mu Ituri muzima angeweza? Félicien akacheka, akasema huyu muzee atajisifu mpaka ku kaburi yake. Walinichapa fimbo kidogo, wakaniachilia. Fimbo ndiyo ilivunjika.

Sasa hapa usome peke yako, mulango ukiwa umefungwa.

Zile herufi nilifundishaka mutu moja tu: Didier, wakati alikuwa anakuposa na anataka kunipendeza. Alikuwa na tabia moja mbaya, ku A anaweka tofali ya mguu wa kuume, ya kushoto anaisahau. Nilimugombeza mpaka nikachoka. Ku ule ukuta, A zote mbili ziko na mguu moja. Na rangi ilikuwa mbichi bado, ilinishika kidole.

Matanga usifanye. Parcelle usiuzishe. Usikuje, wala usiulizie jina lake kwa mutu; kama anajificha, anajua nani anamutafuta, na Félicien iko na masikio mpaka huko Ariwara. Siku ile ile niliona ukuta, mbele hawajanikamata, nilirudi na burashi yangu nikaongeza miguu yenye ilikosa. Sasa ukuta wote ni wangu. Wakitaka tena mutu wa kuchapa, nyumba yangu wanaijua.

Ubusu watoto, na mukubwa umuambie asome kwa nguvu kunipita. Mungu awafunike.

Ni mimi muyomba wako, mwenye hizo herufi peke yake mu Ituri,

Adolphe