Bendera ya kila asubui

Léonie, natoka sasa hivi mu tribunal, kwenye nilishitaki serikali juu ya kontra yangu ya kazi. Niko na kasirani.

Avoka, wakili wa serikali, ananiambia mbele ya bantu bote: "Mwalimu, kontra yako ilisainiwa na Congo, mbele ya Katanga kujitenga, na ilikwisha. Katanga haiwezi kuongeza kontra yenye haikusaini."

Haikusaini, Léonie.

Nikamuuliza: "Na batoto benye nafundisha? Balianza masomo na Congo. Bale mulibakubali?"

Akaanza kupanga makaratasi yake.

Nikaongeza: "Kontra ilikwisha, lakini directeur wa shule aliniacha nifundishe mpaka leo. Bendera yenu mupya, nani anaipandisha kila asubui pa shule? Ni miye na batoto bangu."

Juge, mwamuzi wa tribunal, anasema ningojee, bataniita.

Miye sitangojea. Kesho kengele ikilia, niko mu klasi yangu nafundisha. Bendera yabo, bapandishe benyewe.