Sauti Inayosubiri Kujibiwa

Jumanne, Kwa Vonza. Upepo umejaa vumbi, jua ni kali, na mimi nimevaa sweta ndani ya nyumba.

Nilipohama Nairobi, wenzangu walisema nitarudi kabla mvua hazijaanza. Mvua zimekuja zikaenda na bado nipo. Kilichonishikilia ni kazi moja: laini ya simu ambayo mkulima hupiga akasomewa bei ya ndengu, zile choroko, kwa Kikamba. Sauti ni ya Mama Syombua, jirani yangu, aliyekuwa akianzisha nyimbo kanisani. Nilimrekodi sebuleni kwake, baada ya kufukuza kuku waliotupigia kelele mlangoni.

Huku huulizi bei kabla ya salamu. Kwa hiyo niliipanga programu ianze na "Uvoo waku?", yaani habari yako, inyamaze kidogo mtu ajibu, kisha iendelee. Ukimya wenyewe ni wa sekunde chache nilizozipanga, basi. Programu haina masikio.

Mama Syombua tulimzika mwezi uliopita.

Sikumtoa kwenye laini. Nilijiambia ni heshima. Ukweli ni kwamba ushirika mmoja wa wakulima kule Zombe unataka kunipa kazi ya kudumu, na wameipenda sauti hiyo hiyo. Bila Zombe, nafunga virago.

Leo asubuhi alikuja Mzee Musyoka, mumewe. Ni mzee wa kanisa, si mtu wa mambo ya mizimu. Chai alikataa. Alisema yeye hupiga kila siku, wala si kwa ajili ya ndengu, na siku hizi mkewe hukaa kimya mpaka ajibiwe. Nilimweleza polepole kwamba mashine haiwezi. Akanisikiliza kama mtu anayemsikiliza mtoto.

"Huyu mama kila siku anasalimia watu, mwanangu," alisema. "Sasa atapumzika lini?"

Alipoondoka nilipiga ile namba ili nijitoe wasiwasi. "Uvoo waku?" Nikanyamaza makusudi. Naye akanyamaza. Chai yangu ilipoa, na kwa mbali ndani ya simu nikasikia kuku. Mwishowe nikanong'ona jibu la salamu, "Ni museo."

Hapo hapo akaanza kunisomea bei.

Naogopa. Programu hiyo niliiandika mwenyewe, mstari kwa mstari, na bado naogopa.

Nimemtoa. Nimefuta kila rekodi, kisha nikawapigia watu wa Zombe. Mwenyekiti amesema bila sauti ile watafikiria upya, na kila mtu anajua maana ya kufikiria upya. Jioni nimejirekodi mwenyewe, kwa Kikamba changu cha mjini, nikajiweka pale alipokuwa.

Mama Syombua alikuwa na mtu wa kuja kumwombea apumzike. Mimi hapa sina mtu. Sasa ninayesalimia watu ni mimi, na siku nisipokuwepo, nani atakuja kubisha hodi aniombee nizimwe?