Baba Haogopi Kisu

Kasense,
Sumbawanga.
10 Machi, 1996.

Mdogo wangu mpendwa Justina,

Pokea salamu zangu wewe, shemeji Alfonsi na watoto wote hapo Msanzi. Naomba Mungu barua hii iwakute mkiwa na afya, na kifua cha yule mdogo kiwe kimetulia baada ya mvua hizi. Sisi huku tunaamka, tunakwenda kazini na shuleni, tunarudi. Wilibrodi anawasalimu, Yonas na Herieth wanawasalimu, na Herieth anataka ujue kwamba sasa anasoma vitabu vya darasa la nne ingawa yeye yuko la tatu. Kwaresima mwaka huu imetukuta tayari tumefunga tangu Krismasi, kwa hiyo padri hakuwa na kazi kubwa kwetu.

Barua yako niliipokea Jumatano kwa mkono wa dereva wa gari ya Msanzi. Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, tunaishije mjini na bei hizi, maana umesikia habari za unga hadi huko. La pili, nikusaidie kumshawishi baba akubali kupasuliwa macho madaktari wa macho watakapokuja hospitali baada ya Pasaka. Umesema anakataa kabisa, anadai anaogopa kisu, na kwamba jicho la kulia halioni tena kitu na la kushoto linamwonyesha ukungu tu. Umesema juzi alimimina uji wa moto nje ya bakuli ukamuunguza paja. Hapo niliikunja barua, nikaenda kuchota maji ambayo hayakuhitajika, ndipo nikarudi kuimalizia. Umeandika pia kwamba madaktari hao wakiondoka haijulikani watarudi lini. Nimeelewa, mdogo wangu. Nitajibu yote mawili, ila nianze na la bei kwa sababu kwangu ndilo jepesi kulisema.

Unakumbuka tulivyokuwa tukilia zamani kwamba madukani hakuna kitu, tukapanga foleni ya sukari na kurudi na kanga tupu? Sasa maduka yamejaa. Sabuni zipo za kila rangi, mafuta yapo, biskuti zipo, na mtu anaweza kusimama akavitazama bure hadi jioni. Wanunuzi walikuja Laela na malori wakati wa mavuno, wakayabeba mahindi yenu yakiwa hayana thamani, na sasa sisi tunayanunua sokoni kama yametoka ng'ambo. Wilibrodi anaendelea na useremala wake, lakini kitanda mtu anaweza kukiahirisha. Watu wananunua unga kwanza, kitanda watalalia hichohicho cha zamani.

Basi nikawa fundi wa kubana matumizi, na niache nijisifu kidogo maana nilikuwa fundi kwelikweli. Mwaka jana nilikwenda Laela mwenyewe nikanunua mahindi kwa gunia, sikungoja kununua debe debe hapa. Maharage nayalowesha usiku kucha yasile mkaa. Nyanya siikati, naikwaruza, moja inafanya kazi ya tatu. Chupa ya mafuta nimeitoboa kifuniko kwa msumari ili yatoke kwa matone, na Wilibrodi anasema iko siku nitatoboa na mtungi wa maji. Chai ni ya rangi, kitafunwa ni kiporo. Unga wa ugali naupima kwa kikombe kimoja cha bati, kila mtu na kipimo chake, na nikishapima sirudishi mkono kwenye debe. Majirani wakaniita Mama Kikombe. Niliitika jina hilo kwa fahari. Watoto wangu hawajalala njaa hata siku moja, na ada imelipwa, na hilo silijutii.

Kilichokuwa kinaniharibia mipango ni wageni. Wewe unajua tulivyolelewa. Mtu akitokea mlangoni kwa mama, chakula kilikuwa kimeshawekwa mbele yake kabla hajamaliza kusalimia. Mgeni atasema ameshiba. Mama atasema hata kidogo tu. Mgeni atashukuru, atasema ametoka kula sasa hivi, na mama atakuwa ameshamletea maji ya kunawa. Sote tulijua kwamba kule kukataa ni adabu tu, na kule kulazimisha ni adabu ya kuijibu, na mwisho mtu anakula hadi anakwangua bakuli. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuishia katikati.

Siku moja alikuja shemeji Oswaldi, mdogo wake Wilibrodi, wakati ugali uko jikoni. Sijui ulimi wangu ulitoa wapi neno lile. Badala ya kumkaribisha nilimuuliza kama amekula. Akasema amekula njiani. Mimi nikasema haya, nikaishia hapo. Alikaa kidogo, akaongea habari za shamba, akaaga. Ugali ulibaki kama nilivyoupima. Justina, nilihisi kama mtu aliyeokota kitu barabarani. Hakuna aliyeweza kunilaumu, maana niliuliza na nikajibiwa. Tangu siku hiyo niliwauliza wote, wanajumuiya wa kanisani, binamu zetu wa Kalambo, mafundi wenzake Wilibrodi. Wote walikuwa wamekula. Mji mzima ulikuwa umeshiba isipokuwa mimi na watoto wangu.

Sasa nije kwa baba, na hapa naomba uketi kama umesimama.

Mwaka jana tangu mavuno baba alikuwa akija kliniki ya macho siku za Jumanne. Wewe ulimpandisha gari alfajiri, ukamfungia na mfuko wa maharage wa kuniletea, ukabaki nyumbani na moyo mweupe ukijua kwamba mchana atakula kwa binti yake na jioni gari itamrudisha. Ni kweli alifika kwangu. Aliingia akipapasa mlango, nikampokea mfuko kwa mikono miwili, nikapiga goti nikamwamkia, nikauweka mfuko ndani. Kisha nikamuuliza kama amekula.

Akasema amekula. Kila alipokuja alikuwa amekula. Alikaa kwenye kigoda, akaomba maji, akayanywa, akamuuliza Herieth habari za shule, kisha akasema ngoja awahi stendi asije akaachwa na gari. Gari ile, wewe unajua, haiondoki kabla ya saa tisa. Jioni niliyachemsha maharage yake tukala.

Ilipokaribia Krismasi akaacha kuja. Uliniandikia kwamba anasema kliniki haina faida, wanammulika tochi tu. Nilikubaliana naye. Niliona hata nauli itapona.

Ijumaa hii iliyopita, barua yako ikiwa mfukoni, nilikwenda dukani kwa Zubery, lile linalotazamana na stendi, kununua sukari. Mke wake Kulsumu ndiye aliyekuwa akiuza. Unamfahamu, ndiye aliyetupa lifti kwenye lori lao siku ya msiba wa mama, na tangu siku hiyo hajaniita jina jingine ila dada. Akaniuliza mbona mzee haonekani siku hizi. Nikasema macho yanamsumbua. Akasikitika, kisha akasema hivi, nami nakuandikia kama alivyosema.

“Tumemzoea. Si alikuwa akituambia kwamba wewe Jumanne unakwenda Laela kununua nafaka, nyumbani hakuna mtu? Tukamwambia basi mzee, kwa nini ukae juani, njoo ule hapa na Zubery mpaka gari iondoke.”

Alisema kwamba mwanzoni walimkuta amekaa kwenye ngazi za duka, anajifunga koti kwa upepo, na Zubery akamwita ndani sinia lilipotoka. Hawakumuuliza kitu. Ilikuwa hivyo kila Jumanne. Mara ya mwisho Zubery alimwambia kwamba atamtafuta Wilibrodi ili tuwe tunaacha ufunguo kwa jirani, mzee asiwe anahangaika. Baba alishukuru sana. Jumanne iliyofuata hakuonekana, wala iliyofuata.

Kulsumu akaniuliza kama bado nakwenda Laela. Nikasema ndiyo. Justina, nilisema ndiyo, nikachukua sukari yangu nikaondoka.

Sasa unaona. Baba hakuacha kliniki kwa sababu ya tochi. Aliacha kwa sababu Zubery angeongea na Wilibrodi, na Wilibrodi angesema mke wangu Jumanne zote yuko nyumbani anapika, na mji ungejua binti yake ni mtu wa namna gani. Na huo upasuaji, uliniandikia mwenyewe kwamba mgonjwa hufungwa macho, hukaa mjini siku kadhaa, anaongozwa na kulishwa. Angefikia wapi kama si kwangu? Mtu aliyejing'oa jino mwenyewe kwa kisu cha kuchongea mipini, sisi tukiwa tumejificha nyuma ya kihenge, leo aogope kisu cha daktari? Baba haogopi kisu. Anaogopa nyumba yangu, na zaidi ya hapo anaogopa watu wasije wakajua kwamba anaiogopa.

Ungeweza kunitetea hapa. Najua ungesema dada hukujua, aliyesema ameshiba ni yeye, ungefanyaje. Nami nimekaa na utetezi huo tangu Ijumaa, ni mzuri, lakini si wa kweli. Ipo Jumanne moja, nadhani ilikuwa Septemba, alikuja wakati nawamiminia watoto maji ya kunawa. Haoni vizuri lakini anasikia. Aliposikia maji yanaanguka kwenye beseni alinyoosha mikono yake miwili mbele, kama mtu anayejua zamu yake imefika. Mikono yote miwili, Justina, vidole vimeachana. Nami nikiwa na jagi mkononi nikamuuliza.

“Baba, umekula?”

Akairudisha ile mikono. Akaifuta kwenye koti, na ilikuwa mikavu.

“Nimeshakula, mama.”

Niliona. Nilijua kwamba hajala tangu alipotoka kwako. Sikuwa mjinga wala sikuwa nimesahau desturi. Niliona mikono yake, nikajua, na ndani ya moyo wangu nikafurahi kwamba kikombe kimoja cha unga kimebaki kwenye debe. Hilo ndilo nilitaka kukuambia, na ndilo limenifanya nianze na habari za nyanya na mafuta. Nimeyasema mengi ili nisifike hapa.

Jana Jumamosi nilirudi dukani. Nilingoja wateja wapungue lakini hawakupungua, kwa hiyo nilimwambia Kulsumu palepale, mbele ya mwanamke mmoja aliyekuja kununua chumvi. Nilimwambia kwamba sikuwa Laela, kwamba Jumanne zote nilikuwa nyumbani, kwamba baba alitoka kwangu na njaa ndipo akaja kukaa kwenye ngazi zao, na kwamba alisema uongo ili kunistiri. Kisha nikamwambia habari ya madaktari na nikamwomba ampokee baba kwao kwa siku hizo za upasuaji. Nilisema chakula chake nitakileta mimi mbichi kutoka nyumbani kwangu, wao wampikie tu, kwa sababu kwangu hatakuja na sitamlaumu.

Alikuwa anapima sukari. Aliendelea kupima, akafunga karatasi, akampa mteja aliyeinunua. Kisha akasema aje, chumba cha uani kipo na Zubery atafurahi, na chakula nisilete. Aliniita mama Herieth. Alisema, “Aje, mama Herieth,” na akageukia mteja mwingine. Nilisimama kidogo nikingoja aseme dada, halafu nikaona nazuia watu.

Kwa hiyo jambo limeshapangwa. Ila namjua baba, na wewe unamjua. Ukimwambia atafikia kwa Zubery atakataa palepale, maana mwenye binti mjini hafikii dukani kwa watu, na watu watauliza. Ndiyo maana nakuomba umsomee barua hii. Usimpe muhtasari, wala usiruke mahali ukidhani unanihurumia. Msomee kwa sauti, na pale pa maji ya kunawa soma polepole, ajue kwamba niliiona mikono yake. Nisingeweza kuja kumwambia mwenyewe. Nikisimama mbele yake atanidanganya tena, atasema siku ile kweli alikuwa ameshiba, nami naogopa nitamshukuru na kurudi mjini.

Mwambie hana tena kitu cha kunifichia. Kulsumu anajua, Zubery anajua, yule wa chumvi anajua, na kufikia leo jioni nadhani soko lote litakuwa linajua. Siri aliyokuwa anailinda kwa macho yake nimeshaitoa mwenyewe, kwa hiyo asiendelee kuilipia. Aje apasuliwe. Nitakuwepo stendi kumwongoza hadi kwa Zubery na kutoka kwa Zubery hadi hospitali, na nikimfikisha mlangoni kwao nitaishia mlangoni. Akisema hataki hata mkono wangu, nitamtuma Wilibrodi. Ukinijibu niandikie maneno yake kama yalivyotoka, hata kama ameyasema kwa Kifipa na kwa ukali.

Nisalimie shemeji Alfonsi, umwambie mpini wa jembe Wilibrodi ameshauchonga, utakuja na gari ya Alhamisi. Wasalimie watoto na mama mkwe wako. Mungu awalinde hadi tutakapoonana.

Kwa baba, shikamoo yangu.

Ni mimi dada yako,
Epifania.