Nusu ya Pili ya Kangaga

Bandung, 3 Machi 1994

Baba mpenzi,

Assalamu alaikum. Hamjambo? Mimi mzima, kikohozi kimeniacha. Miguu ya Mama bado inavimba?

Baba, lile jiwe aliloliokota Mama akifua nguo kwenye Mto Merangin, ukalipasua kwa nyundo tukaona chapa ya jani la kale la kangaga pande zote mbili, mwalimu anasema kangaga hili halijawahi kuandikwa popote! Nikiliandika, jina nitalichagua mimi. Ila nusu niliyo nayo inaonyesha mgongo wa jani tu. Vifuko vya spora, mbegu zake zile kama vumbi, viko chini ya jani, kwenye nusu yenu. Nisipoviona, kazi yangu yote bure. Nitumie kabla ya Juni.

Duriani iliyochachushwa imefika. Mbona Mama katia chumvi hivyo? Mwambie nimelalamika.

Mwanao,
Rusmaini

Kijijini, 28 Machi

Rus mwanangu,

Salamu tele. Sisi wazima, mvua tu ndiyo inatusumbua. Mama yako anakusalimu. Anasema tangu uende mjini umekuwa na ulimi wa kifalme.

Jiwe nalitafuta. Usinikimbize.

Baba yako

Bandung, 20 Mei

Baba,

U hali gani? Nimeandika mara mbili, kimya. Jiwe kubwa kama sinia linapoteaje ndani ya vyumba viwili? Mwambie Mama alitafute, yeye hapotezi kitu. Na mbona siku hizi haongezi hata mstari mmoja chini ya barua zako? Kama mmeliuza, semeni. La sivyo namtuma mwenzangu aje.

Rusmaini

Kijijini, 2 Juni

Rus mwanangu,

Usimtume mtu. Keti kwanza.

Jiwe lilikuwa kichwani pa mama yako, kaburini. Alitutoka tarehe kumi na moja Januari, figo. Alinishika mkono akasema, "Rus akijua atakuja, na akija hatarudi shule. Mwache amalize." Nikamwahidi. Jiwe jingine la kumfaa sikuliona.

Ile duriani niliitengeneza mimi. Kila nilipokuandikia kwamba anakusalimu, nilikuwa nimetoka kumsomea Yasini, nikajiambia labda si uongo sana. Nisamehe ukiweza.

Nimeling'oa leo asubuhi, limo kwenye kasha hili. Pale nimechomeka kijiti. Ukimaliza, mrudishie.

Baba yako

Bandung, 19 Agosti

Baba,

Miezi miwili nimeshindwa kukuandikia. Nilikuwa na hasira nawe, na bado ninayo. Umeninyima kumlilia mama yangu siku ya kumlilia. Mimi huku namlalamikia chumvi!

Vifuko nimeviona: safu mbili, vinenevinene, havifanani na vya kangaga lolote lililoandikwa. Ni aina mpya. Nimeipa jina la Mama, Nurbaiti, na mwalimu amekubali. Udongo wa kaburini ulioganda kwenye ufa sikuupiga brashi.

Mwishoni mwa andiko lazima uandike jiwe linatunzwa wapi. Wenzangu wote huandika kabati la makumbusho. Mimi nimeandika: nusu ya kwanza, Bandung, nusu ya pili, makaburi ya kijiji, kichwani pa aliyeliokota. Mwalimu alisoma mara mbili, akatia sahihi.

Naja nalo Alhamisi. Kijiti usikiguse, tutaking'oa pamoja. Na usihangaike kupika. Niwekee duriani ile yenye chumvi.

Mwanao, na wa Mama,
Rus